Kitabu kikigeuzwa sinema, nani ameshika kisu?

Gari dogo lililojaa mabegi ya nguo, ngoma mbili na kiti cha mtemi lilifika shuleni mwendo wa saa nne asubuhi. Ilipotimia saa tano, ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Viti havikutosha. Wengine waliketi sakafuni, na wale wa nyuma wakapanda madirishani. Waigizaji kutoka Nairobi walikuwa wamekuja kuonyesha mchezo uliotokana na riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya shule za sekondari, au setibuku kama wanavyoviita wanafunzi wenyewe.

Ndugu msomaji, kama hujapata kuhudhuria maonyesho ya namna hiyo, umekosa jambo. Kitabu kilichosomwa muhula mzima, kikapigiwa mistari kwa wino mwekundu na kuwachosha wengi, ghafla husimama kwa miguu miwili kikaanza kusema. Mwigizaji akiruka neno, ukumbi mzima humkumbusha kwa sauti moja. Mtu mbaya akiingia, hupigiwa kelele kabla hajafungua kinywa.

Mchezo ulipokwisha, waigizaji waliwakaribisha wanafunzi waulize maswali. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliinuka. Hakuuliza juu ya dhamira wala tamathali za usemi. Aliuliza hivi: "Mbona Mtemi Nasaba Bora hana kitambi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu wake akamgeukia na kumwuliza: "Kijana, ni mwandishi aliyempa kitambi, ama ni wewe?" Kijana akakuna kichwa, akaketi.

Swali hilo lilichekesha, lakini mimi lilinifuata mpaka nyumbani. Kila asomaye kitabu ana mtemi wake moyoni. Anamvika nguo, anampa sauti na hata kitambi. Kitabu kinapogeuzwa kuwa mchezo au sinema, mtu mmoja huamua kwa niaba yetu sote sura ya mtemi huyo itakuwaje, atasema nini, na ni nani atakayekuwa mbele yake au nyuma yake. Tena kurasa mia mbili haziwezi kuingia katika muda wa saa mbili bila kukatwa. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Je, kwa upande wa vitabu vinavyohusu nchi yetu, kisu hicho kimekuwa mikononi mwa nani?

MASHIMO YA SULEMANI

Tuanze na kitabu walichokijua babu zetu. Hadithi ya H. Rider Haggard iliyotoka Uingereza mwaka 1885 ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson, ikachapishwa mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wazee wengi waliosoma enzi za ukoloni walijifunza utamu wa riwaya ya safari na hatari kutokana na kitabu hicho.

Mwaka 1950 Wamarekani walikitengeneza kuwa sinema ya rangi, nao walikuja kuipiga huku kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji. Sasa tazama kazi ya kisu. Kitabuni, safari ile ni ya kusini mwa Afrika. Katika sinema imehamishwa ikaletwa Afrika Mashariki, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa na wanyama na mandhari zilizotakiwa. Kitabuni hakuna mwanamke wa Kizungu katika msafara. Katika sinema ameongezwa mmoja, Bi. Deborah Kerr akamwigiza, na nusu ya hadithi ikawa ni mapenzi yake na mwindaji Quatermain. Umbopa, mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti, ambaye kitabuni ni nguzo kubwa ya mambo yote, alibaki kando akiwangojea wapenzi wamalize mazungumzo yao.

Sinema hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar, na picha zake hakika zilikuwa za kupendeza. Lakini funzo la kwanza lilikuwa limekwisha tolewa: nchi yetu yafaa kuwa pazia la nyuma.

SIMBA ALIYEPATA UHURU

Kitabu cha pili ni cha aina nyingine kabisa. Mwaka 1960 Bi. Joy Adamson alitoa Born Free, kisa cha kweli cha Elsa, mtoto wa simba aliyelelewa nyumbani kaskazini mwa Kenya kisha akafundishwa kurudi porini. Kitabu hicho kilisomwa dunia nzima. Sinema yake ikatoka mwaka 1966, nayo ilipigwa huku huku, sehemu za Naro Moru chini ya Mlima Kenya. Waigizaji wakuu, Bi. Virginia McKenna na Bw. Bill Travers, walikuwa mke na mume hata nje ya sinema.

Hapa haki ni haki, na hatuna budi kuitoa. Wapo wanaodhani kwamba sinema ni mchezo tu ambao hukwisha taa zinapowashwa. Hii haikwisha. Bw. George Adamson, aliyekuwa mshauri wa watengenezaji kuhusu simba, aliwachukua watatu kati ya wale walioigiza, Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru ili wajifunze kuishi porini kama Elsa. Bi. McKenna na mumewe nao waligeuka kuwa watetezi wa wanyama maisha yao yote, na mwaka 1984 wakaanzisha chama ambacho baadaye kilichukua jina la kitabu kile. Waandishi wa kisa wenyewe hawakuwa na mwisho mwema: Bi. Adamson aliuawa Shaba mwaka 1980, na Bw. Adamson akauawa Kora mwaka 1989.

Basi sinema iliyotokana na kitabu inaweza kubadili maisha ya walioitengeneza na hata ya wanyama. Hiyo ndiyo sababu inayotupasa kuuliza: ikiwa ina nguvu kiasi hicho, imefanya nini kwa watu?

KAMANTE YUKO WAPI?

Jibu la swali hilo tulitafute chini ya vilima vya Ngong. Bi. Karen Blixen alikuja kutoka Denmark mwaka 1914, akalima kahawa, na mwaka 1931 akaondoka baada ya shamba kumshinda. Mwaka 1937 alitoa kitabu chake, Out of Africa. Ni kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa kwa jicho la mwenye shamba, na yapo mengi ndani yake ambayo Mkenya wa leo hawezi kuyameza bila maji. Lakini jambo moja halikanushiki: kurasa zake zimejaa watu wa hapa. Yumo Kamante, mtoto mwenye vidonda miguuni aliyetibiwa akaja kuwa mpishi hodari. Yumo Farah, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba yake. Yumo mzee Kinanjui na shauri lake. Mwindaji Denys Finch Hatton naye yumo, lakini kama rafiki ajaye na kuondoka. Habari za mapenzi yao kitabu hakizitangazi.

Mwaka 1985 Bw. Sydney Pollack alitoa sinema yenye jina hilo hilo. Bi. Meryl Streep alikuwa Karen na Bw. Robert Redford akawa Finch Hatton, Mwingereza aliyezungumza Kimarekani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Watengenezaji hawakutumia kitabu hicho peke yake. Walichota pia katika vitabu vilivyoandikwa na wengine juu ya maisha ya bibi huyo na mpenzi wake. Kumbukumbu za shamba zikageuka kuwa hadithi ya mapenzi, na sinema ikazoa tuzo 7 za Oscar. Mwaka uliofuata, nyumba ya Bi. Blixen ilifunguliwa rasmi kuwa makumbusho, na mpaka leo watalii humiminika huko, wengi wao wakitafuta nyayo za Bw. Redford.

Na Kamante? Katika sinema anaonekana, anatumikia, anapita. La kusikitisha ni kwamba masimulizi yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha chapishwa. Mwaka 1975, miaka kumi kabla ya sinema ile, Bw. Peter Beard alikusanya maneno na michoro ya Kamante na kuitoa kuwa kitabu. Mpishi alikuwa amesema jinsi alivyoliona shamba lile kutoka upande wa jikoni. Kitabu kilikuwapo rafuni. Mwenye kisu hakukihitaji.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kila mgeni ni mkosaji. Mwaka 2001 Bi. Caroline Link, Mjerumani, alitoa sinema kutokana na riwaya ya Stefanie Zweig, ambaye utotoni alikimbilia Kenya pamoja na wazazi wake Wayahudi kuwaepuka Wanazi. Ndani yake mna mpishi pia, jina lake Owuor, lakini huyu ni mtu kamili. Ana utani, ana hasira, na ndiye anayemfundisha mtoto mgeni namna ya kuishi. Aliigizwa na Mkenya, Bw. Sidede Onyulo, na sehemu kubwa ya mazungumzo yao ni ya Kiswahili. Sinema hiyo ilipata Oscar ya sinema bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003.

Halafu ikaja riwaya ya upelelezi. Kitabu cha John le Carré, The Constant Gardener, kilichotoka mwaka 2001, chahusu kampuni ya dawa inayowafanyia majaribio maskini wa Nairobi. Sinema yake ya mwaka 2005 ilipigwa Kibera na Loiyangalani miongoni mwa mahali pengine, na watengenezaji wakaunda mfuko wa kuwasaidia wakazi wa sehemu hizo. Hata hivyo, wanaokufa ni sisi, na anayehangaika kutafuta ukweli ni Mwingereza.

VITABU VYETU WENYEWE

Hapa msomaji ataniambia: "Bwana mwandishi, acha kulalamika. Vya kwetu vimefanywa nini?" Swali ni halali.

Mwaka 1974 Bw. Meja Mwangi alitoa Carcase for Hounds, riwaya ya vita vya Mau Mau msituni. Ni kitabu chembamba, chenye mbio na baruti, ambacho karibu kila ukurasa wake ni picha. Kiligeuzwa kuwa sinema mwaka 1981 kwa jina la Cry Freedom, lakini hakikugeuzwa na Mkenya. Aliyekichukua ni Mnigeria, Bw. Ola Balogun. Yaani msitu wa Jenerali Haraka ulilazimika kusafiri mpaka Afrika Magharibi kumpata mtu wa kuupiga picha.

Miaka ilipita. Mwaka 2007 Bi. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi, Jambula Tree, inayohusu wasichana wawili wanaopendana na majirani wanaowasengenya. Bi. Wanuri Kahiu wa Kenya aliichukua, akaihamisha kutoka Kampala hadi mtaa wa Nairobi, akabadili majina, akawafanya baba zao kuwa wapinzani wa kisiasa, akaiita Rafiki. Mwaka 2018 ikawa sinema ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa. Mwaka huo huo halmashauri ya kuainisha filamu iliipiga marufuku nchini. Mwezi Septemba Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7 tu, na watu wakapanga foleni Nairobi kuitazama. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya kisa chenyewe, na wasomaji wa ukurasa huu hawakosi maoni. Lakini kwa wanaosomea kazi ya kugeuza vitabu, Rafiki ina somo. Riwaya hupunguzwa ili iingie katika saa mbili, na kila anayeipenda hulia kwa kilichotupwa. Hadithi fupi huongezwa. Ina nafasi ya kupumulia. Labda watengenezaji wetu wenye mifuko myepesi wangeanza na diwani za hadithi fupi ambazo wanafunzi wamezibeba mikobani, kama Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba, badala ya kuota riwaya zenye majeshi na merikebu.

Kwa Kiswahili, mfano mzuri umetoka Unguja. Riwaya ya Bw. Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, ni ya mapenzi na ya siasa kwa wakati mmoja. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee asiyempenda, anatoroka na kukimbilia Ng'ambo kwa Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana anayewapinga wakoloni. Tanzania imesomwa shuleni miaka mingi. Bw. Amil Shivji aliigeuza kuwa sinema kwa Kiswahili, ikapigwa Unguja kwenyewe, na mwimbaji Siti Amina akachukua nafasi ya Mwajuma. Mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Canada.

Bw. Shivji naye alikata. Riwaya ile ni pana, ina misukosuko mingi ya Yasmin na safari za kwenda na kurudi, na mengi hayo hayamo. Waliokisoma kitabu wana haki ya kunung'unika. Lakini sikiliza tofauti: aliyekata ni mtu aliyekua na lugha ile ile ya kitabu. Aliacha matukio, hakuacha watu. Yasmin, Denge na Mwajuma wamebaki katikati ya picha, na hakuna mgeni aliyeongezwa kuwaongoza.

FEDHA NA HAKI

Kwa nini basi vya namna hiyo ni vichache? Si kwa kukosa vitabu. Ukitaka upelelezi, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla amekuwapo tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum. Ukitaka ujambazi wa Nairobi, My Life in Crime ya Bw. John Kiriamiti imepita mkono kwa mkono tangu mwaka 1984. Ukitaka safari na machozi, Siku Njema ya Walibora ya mwaka 1996 inaye Kongowea, kijana anayetoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake. Hata wasiopenda kusoma huipenda hiyo.

Kikwazo cha kwanza ni fedha, na hilo halihitaji maelezo. Kikwazo cha pili ni mazoea yetu ya kudharau haki ya mwandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema wazi kwamba kugeuza kazi ya mtu kuwa mchezo au sinema ni haki ya mwenyewe, naye akifa haki hiyo hubaki kwa warithi wake kwa miaka 50. Kwa hivyo anayetaka kukigeuza kitabu hana budi kubisha hodi kwanza, aandikiane mkataba na mwenye haki, na malipo yajulikane. Mwandishi asiyelipwa hana sababu ya kuandika kitabu cha pili. Na mtengenezaji asiye na mkataba hana cha kumwonyesha mwenye benki.

Hapa narudi katika ule ukumbi wa shule. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mchezo tuliotazama siku ile ulitoka katika Kidagaa Kimemwozea. Waliokisoma wanakumbuka kwamba Amani, kijana mnyonge wa hadithi ile, anakwenda Sokomoko akimtafuta mtu aliyemwibia mswada wake, na anayetajwa kuwa bingwa wa uandishi ndiye aliyeutoa kwa jina lake mwenyewe. Walibora alifariki mwezi Aprili mwaka 2020. Kila kikundi kinachopanda jukwaani na maneno yake, na kila shule inayowatoza wanafunzi kiingilio, ingefaa ijiulize usiku ule kama ina haki ya kumcheka Majisifu.

Nasema hivyo si kwa kuwachukia waigizaji hao. Nawavulia kofia. Wakati nchi yetu ilipokuwa ikikodishwa kama pazia la nyuma katika hadithi za wengine, wao walisafiri kwa magari mabovu kutoka kaunti hadi kaunti, wakawaonyesha watoto wetu vitabu vilivyoandikwa na watu wetu, kwa lugha yetu, wenyeji wakiwa mbele na katikati. Bila kamera wala tuzo ya Oscar, hao ndio waliokigeuza kitabu cha Kiswahili kuwa kitu cha kutazamwa.

Nilimkuta yule kijana wa kitambi mlangoni watu wakitawanyika. Nikamwuliza kama amekasirika kwamba mtemi wake hakuletwa. Akacheka.

"La, mzee," akasema. "Huyu ni wao. Wangu nitamleta mwenyewe nikimaliza shule."

Nilimwambia aandike jina la mtu atakayemwigiza mtemi huyo, alihifadhi, na kabla ya kuanza akumbuke kwenda kwa warithi wa mwandishi kubisha hodi. Nawe msomaji, ukipewa kisu leo, ungeanza na kitabu kipi, na ungekataa kabisa kukata nini?